Nimefaulu mtihani wa Kiingereza, mbona wazee wa Leeds siwaelewi?

Swali: Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Mombasa. Nimesoma kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, na mtihani wa lugha wa kuja Uingereza niliupita bila taabu. Sasa niko Leeds, wodi ya wazee. Madaktari nawaelewa, wagonjwa ndio wanaonishinda. Juzi mama mmoja aliniambia “I'm right badly, love, I'm nithered”, nikabaki kumtazama. Naambiwa kuna nafasi Newcastle na nyingine Norwich. Je, kila mji una Kiingereza chake? Kwa nini nchi ndogo hivi iwe hivyo? Na nifanye nini sasa, maana zamu hazisubiri?

Jibu: Pole na kazi, dada. Tuanze na yule mama, maana huenda kesho akasema tena. Alikuambia anaumwa sana na baridi imemtafuna. “Right” kwa watu wa Yorkshire, eneo ambalo Leeds imo, ni “sana”, “badly” ni mgonjwa, na “nithered” ni kusikia baridi ya kutetemesha. Alichotaka ni kupimwa joto na kuongezewa blanketi. Sentensi yake haina kosa, na Kiingereza chako hakina kasoro. Ni lahaja mbili zilizokutana zisijuane.

Kile ulichofundishwa darasani kimejengwa juu ya lahaja za London na mikoa inayoizunguka. Huko ndiko kulikokuwa na ikulu, mahakama na biashara kubwa, Oxford na Cambridge haziko mbali, na mwaka 1476 William Caxton akafungua mtambo wake wa kuchapa vitabu Westminster. Kilichochapwa ndicho kilichosomwa, na kilichosomwa kikaitwa sahihi. Wewe wa Mombasa huhitaji kuelezwa sana: sanifu ilichukuliwa Unguja, na watu wa Mji wa Kale bado wanasema nti na mato pasi na kumwomba mtu radhi. Mgeni aliyejifunza Kiswahili kitabuni akishuka pale hukwama kama ulivyokwama wodini.

Kwa kuwa zamu hazisubiri, nitangulize sikio, historia ifuate.

Irabu za Leeds ziko karibu na zako kuliko zile za kusini. Irabu ya “cup”, “bus”, “blood” na “mum” ni u ya Kiswahili, fupi. “Bus” hutamkwa kama inavyoandikwa, na “cut” na “put” zina kina kimoja. “Bath”, “grass”, “last” na “plaster” zina a fupi. “Pain”, “day” na “face” hutamkwa kwa e ndefu iliyotulia, na “bone”, “nose” na “home” kwa o ndefu. Hazitelezi kuishia na i au u kama kwa watu wa kusini. “Make” na “take” hukatwa zikawa “mek” na “tek”. Ukweli ni kwamba lafudhi ya Kiingereza unayoizungumza wewe mwenyewe, ile ambayo walimu wengine waliikosoa, inafanana kwa irabu zake na ya mgonjwa wako kuliko ya mtangazaji wa London.

Pana mtego mmoja wa hatari. “Can't” ni katika maneno machache ambayo hata kaskazini hubaki na a ndefu, pamoja na “half” na “father”, ila t yake ya mwisho humezwa. Kwa hiyo tofauti kati ya “I can stand” na “I can't stand” huipati kwenye t, iko kwenye urefu wa a: fupi anaweza, ndefu hawezi. Ukitia shaka usikisie. Uliza upya kwa swali linalodai “yes” au “no”, na mkono wako uwe tayari kumshika.

Konsonanti ndizo zinazokupoteza. T ya katikati au mwisho wa neno hugeuka mkato wa kooni, ile hamza ambayo waliopitia madrasa wanaijua vizuri. H ya mwanzo hudondoka na “my” huwa “me”, hivyo “me 'ead 'urts” ni kichwa kinauma. D ikikutana na konsonanti isiyo na mghuno (mtetemo wa kooni), kama f, nayo hupoteza mghuno wake, ndiyo maana jirani zenu wa Bradford hujiita watu wa “Bratford”. Lakini msumbufu mkubwa ni “the”. Kwenye vikombe vya watalii huandikwa t', wakati mdomoni mara nyingi hakuna t ya kusikika, kuna kuikata pumzi kidogo tu kabla ya nomino. Mgonjwa akisema ameanguka “in t'bath”, utasikia “in”, kipengo kidogo, kisha “bath”. Usiitafute “the”, sikiliza hicho kipengo.

Kisarufi, “were” hutumika kwa mtu mmoja: “I were”, “it were”. Na “I was sat” au “he was stood” ni kwamba alikuwa ameketi, alikuwa amesimama. Hakuna mtu aliyemketisha. Hili linafaa kukumbukwa unapoandika ripoti ya mgonjwa aliyeanguka: “I was sat on t'bed” ni maelezo ya alipokuwa, hayamtaji mtu aliyemweka pale.

Sasa maneno. Orodha zilizoko mtandaoni zinapenda maneno ya kuchekesha, na mengi hayatakusaidia kazini. Ya kwako ni yale ambayo ukiyakosea mtu anaumia.

La kwanza ni “while”. Yorkshire hulitumia kwa maana ya “mpaka”. Anayefanya kazi “nine while five” anaanza saa tatu asubuhi na kutoka saa kumi na moja jioni. Mgonjwa anayesubiri upasuaji akikuambia “I can't eat while two”, anakusudia haruhusiwi kula mpaka saa nane mchana. Ukisikia “while” pembeni ya saa, soma “until”.

La pili ni majina ya milo. Kwa wengi wa kaskazini, “dinner” ni chakula cha mchana na “tea” ni chakula cha jioni, ile milo ambayo kitabu chako kiliita “lunch” na “dinner”. Mzee wa kisukari anayesema anajidunga sindano “before me tea” hazungumzii kikombe cha chai. Kama dawa ni ya kumeza na chakula, mwulize saa ngapi anakula, uiandike kwa mtindo wa saa 24. Hapohapo kuna “half five”, ambayo ni 17:30, yaani saa kumi na moja na nusu kwa saa zetu. Kichwa kinachobadilisha saa za Kiswahili na Kiingereza huku kimechoka kwa zamu ya usiku hukosea hapa kwa urahisi.

Tatu, hali ya mwili. “Poorly” ni mgonjwa, na hospitalini wauguzi wenzako wakisema fulani ni “very poorly” wanakusudia hali ni mbaya, pengine mahututi. “Starved” kwa wazee wa huko inaweza kuwa amepigwa na baridi wala si njaa. “Mafting”, hasa upande wa Hull, ni kuzidiwa na joto. “Gipping” ni kujikamua kutapika. “Jiggered” ni hoi kwa uchovu. “Spell”, au “spelk” ukienda kaskazini zaidi, ni kibanzi kilichochoma kidole. “Lugs” ni masikio, “neb” ni pua, “gob” ni mdomo, na hilo la mwisho lisikie tu, usilitumie kwa mgonjwa. “Mardy” ni mtu aliyenuna. “Nesh” ni asiyevumilia baridi. “Owt” ni chochote, “nowt” hakuna kitu, “summat” kitu fulani, “nobbut” ni “tu”, na “happen” ni labda. Ukimuuliza mzee kama atameza vidonge vyake akajibu “Happen”, hajakubali bado. Akikuomba “side this, love”, anataka uondoe vyombo mbele yake. Na bibi akisema mjukuu wake humletea “spice”, usikimbilie kuripoti: kwa wazee wa Yorkshire ni peremende, ingawa vijana wa Uingereza leo huiita hivyo dawa moja ya kulevya. Muulize ni ipi.

Kipengele kinachohitaji uangalifu kupita vyote ni maumivu, na hapa si msamiati tena, ni tabia. Wazee wengi wa Yorkshire huona haya kulalamika. “Not so bad” ni nafuu nzuri. “Fair to middling” ni hivihivi. “A bit of a twinge”, au “it's nobbut a twinge”, linaweza kutoka kwa mtu aliyevunjika nyonga. Usiyapime maumivu kwa vivumishi. Tumia kipimo cha 0 hadi 10, mtazame usoni anapogeuka kitandani, na uulize swali la kazi: je, maumivu yamekuzuia kulala, yamekuzuia kufika chooni? Hapo utapata jibu la kweli.

Kuhusu “love”: Leeds huitwa hivyo mke na mume, mzee na kijana, dereva wa basi na abiria. Hata mwanamume humwita mwanamume mwenzake. Si utani wala si kukosewa adabu. “Now then” na “ey up” ni salamu. “You all right?” nayo ni salamu, jibu lake ni “Yeah, you?”, na mtu hakutegemei useme habari za nyumbani. Kwa Mswahili ni salamu kavu kidogo, lakini ndivyo ilivyo.

Sasa kwa nini. Chukua ramani ya Uingereza uangalie mito, milima na vinamasi kwanza, ndipo uangalie miji.

Mwaka 866 Waviking, wavamizi wa baharini kutoka Skandinavia, waliiteka York, mwendo wa kilomita 40 hivi kutoka ulipo, na wafalme wao wakaitawala, kwa vipindi, hadi 954. Mfalme Alfred wa kusini alikubaliana mpaka na kiongozi wao Guthrum: unapanda mto Thames, unafuata mto Lea, unapita Bedford, kisha barabara ya kale ya Warumi iitwayo Watling Street. Upande wa kaskazini na mashariki wa mstari huo wakulima kutoka Skandinavia walilima, wakaoa, wakabatiza vijiji. Ndiyo asili ya majina yanayoishia na -by, kama Whitby, Selby na Grimsby, na yale ya -thorpe na -thwaite. Hapo hapo upite na Slaithwaite, mji mdogo karibu na Huddersfield: wenyeji huutamka kama “Slawit”, na ukiusoma herufi kwa herufi watajua hujawahi kufika.

Lugha hizo mbili zilikuwa ndugu, zikachanganyika jikoni na sokoni. Baadhi ya maneno yakaenea nchi nzima, ndiyo maana “they”, “egg”, “sky”, “window” na “knife”, yanayotokana na Kiskandinavia, unayatumia kila siku. Mengine yakabaki kaskazini, hasa ya ardhi: “beck” ni kijito, “fell” ni mlima ulio wazi, “dale” ni bonde, “tarn” ni ziwa dogo la mlimani, “force” ni maporomoko ya maji. Katikati ya Leeds una Briggate na Kirkgate. “Gate” hapo haina uhusiano na lango, ni neno la Kiskandinavia la njia: Njia ya Daraja na Njia ya Kanisa. Nenda York uone jambo linalowavuruga watalii kila siku: Micklegate ni mtaa, na lango lililoko mwisho wake linaitwa Micklegate Bar.

Irabu zina hadithi tofauti. Mpaka karne ya 16 Waingereza wote walitamka “cup” kwa u, na ndiyo sababu huandikwa hivyo. Mabadiliko yakaanzia kusini katika karne ya 17, yakasambaa, yakakomea kwenye mstari unaokwenda, kwa makadirio, kutoka mdomo wa mto Severn magharibi hadi ghuba ya Wash mashariki. A ndefu ya “bath” nayo ni mzaliwa wa kusini wa baadaye. Kwa hiyo anayedai watu wa Leeds “wameharibu” Kiingereza ana habari iliyopinduliwa. Katika sauti hizi wao ndio waliobaki na ya zamani.

Kisha milima ya Pennines, uti wa mgongo unaotenganisha Yorkshire na Lancashire. Leeds hadi Manchester hakufiki kilomita 80, lakini barabara kuu ya M62 inapanda hadi mita 372 juu ya bahari kuvuka kati yao, na kabla ya mfereji na reli watu wa pande mbili hawakuonana mara kwa mara. Mfereji wa Leeds na Liverpool ulikamilika 1816 tu. Upande wa magharibi mvua ni nyingi na hewa ni ya unyevu, hali iliyofaa nyuzi za pamba zisikatike mashineni. Upande wa mashariki wakakaa na sufu ya kondoo wao. Viwanda tofauti, waajiri tofauti, maneno tofauti. Leeds mkate mdogo wa duara ni “teacake”, hata kama hauna zabibu ndani. Vuka mlima na huko Manchester ni “barm”. Shuka Nottingham ni “cob”, Coventry ni “batch”, Newcastle kuna wa kwao, mpana na mzito, uitwao “stottie”. Kichochoro cha kupita kati ya nyumba ni “ginnel” au “snicket” kwenu, “tenfoot” Hull, “twitten” Sussex, “loke” Norfolk. Mtu akikuelekeza kituo cha basi kwa kupitia “ginnel”, usitafute jina la mtaa.

Umebahatika kwa jambo moja: mji uliopo ndio makao makuu ya elimu hii. Profesa Harold Orton wa Chuo Kikuu cha Leeds, pamoja na Eugen Dieth wa Zürich, ndiye aliyepanga utafiti mkuu wa lahaja za England. Kati ya 1950 na 1961 watafiti walizunguka vijiji 313 wakiwa na maswali zaidi ya 1,300, wakiwatafuta zaidi wazee wa mashambani wasiowahi kuhama, na sharti mojawapo lilikuwa wawe na meno mazuri, ili matamshi yasipotee. Kanda zao bado ziko chuoni hapo. Na kabla ya Orton kulikuwa na Joseph Wright, mzaliwa wa kitongoji cha Bradford mwaka 1855, mtoto wa kiwandani ambaye hakujua kusoma mpaka alipokaribia miaka 15. Alikuja kuwa profesa wa Oxford na akahariri kamusi ya lahaja za Kiingereza ya juzuu 6, iliyotoka 1898 hadi 1905. Mkufunzi yeyote akikudharaulia wagonjwa wako kwa sababu ya lahaja yao, mkumbushe huyo.

Basi tuje Newcastle. Huko ni kaskazini zaidi ya mto Tees, na majina ya -by karibu yote yameshaisha. Waviking hawakukaa huko kwa wingi, lugha ikabaki ya Waanglia wa kale, jirani ya Waskoti. Vijito havitaitwa “beck” tena, ni “burn”. Ulichojifunza Leeds kuhusu “cup” na “bath” kitakufaa, “owt” na “nowt” utazikuta, na h haidondoki, ambayo ni nafuu. Lakini mdundo wa sentensi ni mwingine kabisa, sauti hupanda mahali usipotarajia, na kwa wazee “town” na “down” bado zina u ndefu ya kale, “toon” na “doon”. “Gan” ni kwenda, “hyem” nyumbani, “bairn” mtoto, “divvent” ni “don't”, “canny” ni -zuri, “hoy” ni kutupa, “wor lass” ni mke wangu. “Us” mara nyingi ni mtu mmoja: “give us a hand” ni nisaidie mimi. Badala ya “love” utaitwa “pet” au “hinny”.

Mawili ya kukaa nayo kazini. “Tab” ni sigara. Unachukua historia ya mgonjwa wa kifua, anakuambia hutumia “a few tabs a day”, nawe kichwani unawaza vidonge. Fomu yako imeshaharibika. Na “netty” ni choo. Tena, Sunderland haifiki kilomita 25 kutoka Newcastle, lakini mtu wa huko ni Mackem, usimwite Geordie, jina la mtu wa Newcastle. Newcastle hushangilia kwa “howay” na Sunderland kwa “haway”, na wanaisikia hiyo tofauti ya irabu moja vizuri sana.

Norwich ni dunia nyingine. Iko kusini ya ule mstari wa Severn hadi Wash, hivyo “cup” na “bath” utazisikia karibu na ulivyofundishwa, na mwezi wa kwanza utaona mambo mepesi. Ugumu umejificha kwenye sarufi. Norfolk, eneo ambalo Norwich imo, kitenzi cha nafsi ya tatu mara nyingi hakichukui s: “he go”, “she say”. Na “that” hushika nafasi ya “it”, kwa hiyo “that hurt” inaweza kuwa inauma sasa hivi. Wewe uliyefundishwa kwamba “hurt” bila s ni wakati uliopita utaandika kwamba maumivu yalikuwepo yakaisha. Uliza: “Is it hurting now?” Kingine ni “do” yenye maana ya “la sivyo”: “Don't you get up, do you'll fall” ni usiinuke, la sivyo utaanguka. Sauti y baada ya konsonanti hudondoka pia, “few” ikawa “foo” na “beautiful” ikawa “bootiful”.

Asili yake ni ardhi na wageni. Magharibi ya Norfolk kuna Fens, tambarare iliyokuwa kinamasi kikubwa mpaka Cornelius Vermuyden, Mholanzi, alipoongoza kazi ya kuikausha katika karne ya 17. Sehemu zake leo ziko chini ya usawa wa bahari. Kwa karne nyingi aliyekaa mashariki ya maji hayo hakuwa na shughuli na wa magharibi, na hadi leo mipaka ya irabu hupita humo. Kuhusu “he go”, Peter Trudgill, mwanaisimu mzaliwa wa Norwich, amependekeza kwamba chanzo ni wakimbizi wafumaji wa Kiholanzi na Kiwaluni (wasema Kifaransa wa Ubelgiji ya leo) waliopokewa mjini kuanzia 1565 wakafika karibu theluthi ya wakazi. Watu wengi wakijifunza lugha ukubwani, viambishi ndivyo vya kwanza kudondoka. Mimi nauona ni ushahidi wa kuaminika, ingawa si kila mtaalamu anaukubali.

Miji mingine nakupitishia mbiombio, endapo utahamishwa. Liverpool ilipokea Waairishi wengi wakati wa njaa ya miaka ya 1840. K ya mwisho wa neno huko hukwaruza kama kh ya Alkhamisi, na masikio yako ya Pwani yatalipokea hilo upesi. Dudley na miji ya makaa ya mawe karibu na Birmingham ina vikanushi vyake: “cor” ni “can't”, “day” ni “didn't”, “ay” ni “isn't”. Mgonjwa anayesema “I day eat it” anakataa kwamba alikula, hataji siku. Bristol na kusini magharibi r husikika kila ilipoandikwa, na “where's that to?” ni kuuliza kitu kiko wapi.

Utaratibu wa kujifunza usiwe mzito. Pata kidaftari cha mfukoni chenye kurasa tatu: mwili, muda, hali. Kila zamu andika maneno mawili tu uliyoyasikia, pamoja na mazingira yake, kisha mwulize msaidizi wa wodi aliyezaliwa hapo. Wao ndio walimu wazuri, kuliko madaktari ambao wengi wametoka kwingine. Usiandike jina la mgonjwa humo. Nyumbani sikiliza BBC Radio Leeds dakika 20 kwa siku, lakini chagua vipindi vya wasikilizaji kupiga simu. Taarifa ya habari husomwa kwa Kiingereza kilichokaribiana na sanifu na haitakufundisha lolote.

Usipoelewa, usiseme “sorry?” mara tatu. Mtu hurudia maneno yaleyale kwa sauti kubwa zaidi, wote mnachoka. Omba aseme kwa njia nyingine: “Say it another way for me.” Au mwambie akuonyeshe: “Show me where.” Halafu mrudishie ulichoelewa kwa maneno yako: “So you're feeling cold?” Wagonjwa hawachukii kuulizwa neno lao, wengi hufurahi. Wanachokasirikia ni muuguzi anayetikisa kichwa na kwenda zake bila kuelewa, na hapo ndipo ajali hutokea.

Kwenye faili andika Kiingereza sanifu, ila pale neno la mgonjwa lina uzito, liweke lilivyo ndani ya alama za kunukuu, mbele yake uandike maana uliyoithibitisha naye. “Starved” peke yake kwenye faili itasomwa njaa na daktari aliyetoka kusini.

Usijaribu kuiga lafudhi. Kuazima maneno ni sawa, sema “tea” na “poorly” kama wao, lakini “thee” na “tha” waachie wenyewe. Kwa kawaida yao ni ya walio karibu, na wana msemo wa kumkanya anayeyatumia pasipo uhusiano. Pia usimchukulie kila mtu wa Leeds kuwa na maneno ya bibi wa miaka 85. Wajukuu wake wengi hawayajui, na mgonjwa wa kitanda cha pili anaweza kuwa mzaliwa wa Jamaica aliyekulia Chapeltown, mtaa wa Leeds, au mzee wa Kipunjabi wa Bradford mwenye “nowt” na “summat” katikati ya Kipunjabi chake.

Kuhusu kuhama, nisingechagua kazi kwa lahaja. Kama masikio ndiyo sababu pekee, Norwich itakuwa nyepesi mwanzoni, Newcastle ndiyo itakayochukua muda mrefu zaidi, na Leeds ambako tayari umeshaanza kuzoea ingekuwa hasara kuiacha kabla hujaimaliza. Ukiamua Newcastle hata hivyo, anza kusikiliza BBC Radio Newcastle mwezi mmoja kabla ya kufunga mizigo, na “netty” iwe ukurasa wa kwanza wa kidaftari, kwa sababu mgonjwa anayeiuliza hana muda wa kukungoja ufikirie.